Nani Alipie Mwaka wa Mwisho wa Tasnifu?

Katika vitivo vya sanaa na sayansi za jamii vya vyuo vikuu vyetu kuna kundi la watu lisiloonekana kwenye takwimu za udahili wala kwenye vitabu vya mahafali. Ni wahadhiri wasaidizi waliosajiliwa PhD miaka sita au minane iliyopita. Pendekezo la utafiti lilipita, fildi walikwenda, wakarudi na madaftari yaliyojaa. Sura tatu zimeandikwa, mbili zimeanzwa. Ukiwauliza wamefikia wapi watakujibu "naandika", na mwakani jibu litakuwa hilo hilo. Wengi wao wako katika masomo ya maeneo, yaani taaluma zinazochunguza eneo fulani la dunia kwa kupitia lugha yake, historia yake, siasa zake na utamaduni wake. Eneo lenyewe ni hili tunaloishi: pwani, Maziwa Makuu, nyanda za juu, visiwa.

Ni rahisi kuwaita wavivu, na wapo wakuu wa idara wanaowaita hivyo. Mimi naona tatizo liko kwenye mpangilio wa fedha. Fedha za PhD katika taaluma hizi zimepangwa kumsaidia mtu aanze, na pengine aende fildi. Zinapungua au kuisha kabisa pale kazi ngumu kuliko zote inapoanza, yaani kumaliza. Kwa miaka mingi pengo hilo lilizibwa kidogo kidogo na mashirika ya nje. Sasa mashirika hayo yanapunguza, yanabadili vipaumbele au yanafunga. Kwa hiyo swali la nani alipie mwaka wa mwisho haliwezi tena kuachwa kwa wafadhili wa Dakar, New York au Berlin.

Tuuangalie kwanza mwaka wenyewe. Chukua mtafiti anayeandika historia ya wafanyakazi wa mashamba ya mkonge mkoani Tanga. Amewahoji wazee wa Muheza na Korogwe, baadhi yao watoto wa manamba, yaani vibarua wa mkataba, waliotoka Msumbiji au Burundi. Rekodi za sauti anazo, lakini saa moja ya mazungumzo hula nusu siku kuiandika neno kwa neno, na zaidi pale mzee anapochanganya Kiswahili na Kisambaa. Nyaraka za Waingereza na Wajerumani amezisoma Dar es Salaam, katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Nyingine ziko Kew, London, katika mafaili ya Wizara ya Makoloni yenye namba CO 691, na za ofisi ya makoloni ya Ujerumani ziko Berlin. Anapofika sura ya tano anagundua kwamba takwimu za mishahara alizotumia katika sura ya pili hazilingani na alizokuja kuziona baadaye. Msimamizi anamwambia akahakiki. Kuhakiki maana yake ni kulifikia faili, na faili halipo hapa.

Baada ya hapo kuna kuunganisha sura zilizoandikwa kwa nyakati tofauti na mtu ambaye mawazo yake yalikuwa yanakua. Kuna kusahihisha lugha, kutengeneza ramani, kupitisha kazi kwenye ukaguzi wa ulinganifu, kutoa nakala za watahini, kusubiri ripoti, kutetea, kisha kufanya masahihisho. Kazi za namna hii haziendi kwa dakika arobaini zilizopatikana kati ya kipindi na kikao. Zinataka miezi ya kukaa na maandishi asubuhi hadi jioni, mtu akishikilia hoja nzima kichwani.

Mhadhiri msaidizi hana miezi hiyo. Ana kozi za lazima za mwaka wa kwanza zenye mamia ya wanafunzi, semina za kuongoza, mitihani ya kutunga na mafungu ya karatasi za majibu ambayo kitivo kinataka yarudi ndani ya wiki mbili. Anasimamia wanafunzi wakati wa mafunzo kwa vitendo mikoani. Mshahara ukiwa haufiki mwisho wa mwezi, anachukua kazi ya ushauri elekezi kwa shirika fulani, na ripoti hiyo ina tarehe ya mwisho isiyojadilika, wakati tasnifu haina. Mahmood Mamdani, alipokuwa akiiongoza Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Makerere, alionya waziwazi mwaka 2011 kwamba utamaduni wa ushauri elekezi ulikuwa unaumeza utafiti wa vyuo vikuu. Aliyasema hayo kuhusu maprofesa pia, ila anayeumia zaidi ni yule ambaye bado hajamaliza.

Mfumo huu una historia, na sehemu yake kubwa iliandikwa Marekani. Oktoba 1957 Wasovieti walirusha Sputnik. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha Sheria ya Elimu kwa Ulinzi wa Taifa, na Sehemu ya Sita ya sheria hiyo ikatenga fedha za kufundisha lugha na masomo ya maeneo ambayo Wamarekani walikuwa hawayajui. Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha zilizonufaika. Mwaka 1961 ikaongezwa sheria ya Fulbright-Hays, na chini yake mwanafunzi wa PhD wa Marekani aliweza kulipiwa utafiti wa tasnifu nje ya nchi, ukiwamo mwaka mzima Lamu, Unguja au Kampala. Ford Foundation ilikuwa imekwisha kuanza kugharimia watafiti wa maeneo tangu 1952. Vizazi vya wasomi waliotuandikia vitabu kuhusu pwani yetu vilipita katika njia hiyo.

Hata huko, kumaliza kulikuwa tatizo. Baraza la Vyuo vya Uzamili la Marekani lilipofuatilia wanafunzi wa PhD kwa miaka kumi tangu waanze, lilikuta kwamba katika sanaa na lugha waliomaliza walikuwa asilimia 49 tu, na katika sayansi za jamii asilimia 56. Hao ni watu wenye maktaba kubwa, posho na bima. Ndiyo maana Mellon Foundation, kwa kushirikiana na Baraza la Marekani la Jumuiya za Kitaaluma, ACLS, ilianzisha mwaka 2006 ufadhili wa kumalizia tasnifu pekee. Takriban watu 65 kwa mwaka walipewa fedha za kuishi mwaka mzima kwa sharti moja kubwa: waandike hadi wamalize.

Je, fedha za namna hiyo zinafanya kazi? Hapa inabidi kuwa makini, kwa sababu ushahidi hauendi moja kwa moja upande wa wanaodai fedha zaidi. Mellon hao hao walianza mwaka 1991 mradi mkubwa wa kubadili masomo ya PhD katika idara 54 za vyuo vikuu 10, wakatumia zaidi ya dola milioni 80 kwa muda wa takriban miaka kumi. Ronald Ehrenberg na wenzake walipochapisha tathmini yake mwaka 2010, matokeo yalikuwa ya wastani. Muda wa kumaliza ulipungua kidogo, waliomaliza wakaongezeka kidogo. Kilichosaidia pamoja na fedha ni idara kueleza wazi inachotaka, kupanga ratiba inayofuatwa, na wasimamizi kusoma kazi kwa wakati. Kabla yao William Bowen na Neil Rudenstine, katika kitabu chao cha mwaka 1992, walikuwa wameonyesha kwamba ukubwa wa fedha peke yake hautoshi. Mpangilio wake una uzito mkubwa.

Naichukua hoja hiyo kwa uzito, lakini siipeleki mahali ambapo wengine wangeipeleka. Mwanafunzi wa Princeton au Chicago aliyeshindwa kumaliza baada ya kulipwa miaka saba si sawa na mwalimu wa Dodoma au Eldoret ambaye hajapata hata muhula mmoja bila kufundisha. Wa kwanza alikuwa na muda akakosa mwongozo. Wa pili amekosa vyote viwili, na huwezi kumpa mwongozo mtu asiye na saa ya kuufuata.

Kwetu historia ilikuwa nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipokuwa kinaundwa, Rockefeller Foundation iliweka fedha nyingi katika kuwaandaa walimu wazalendo. Mtindo wa wakati ule ulikuwa mtu kwenda nje na kukaa huko akisoma muda wote. Mwanahistoria Isaria Kimambo alimaliza Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, mwaka 1967 kwa tasnifu kuhusu historia ya Wapare, na mwenzake Bethwell Ogot alimaliza London kwa historia ya Wajaluo wa kusini. Kazi hizo ziligeuzwa vitabu, na vitabu hivyo vikawa msingi wa kufundishia historia ya Afrika kwa sauti ya Waafrika. Mtindo ule haukumtaka mtu aandike huku akisahihisha karatasi mia nne.

Miaka ya 1980 fedha zilikauka. Euphrase Kezilahabi alimaliza PhD yake Wisconsin mwaka 1985, katika chuo ambacho masomo yake ya Afrika yalinufaika kwa miaka mingi na ile Sehemu ya Sita. Mwaka mmoja baadaye M. M. Mulokozi alimaliza Dar es Salaam kwa tasnifu juu ya tendi za Wahaya zinazoimbwa kwa nanga, ala yao ya nyuzi. Ni wasomi wawili wa fasihi, wa nchi moja na kizazi kimoja. Kazi ya Mulokozi ni ushahidi kwamba tasnifu ya kiwango cha juu ingeweza kukamilika hapa nyumbani hata katika kipindi kile cha uhaba. Haikubaliki, hata hivyo, kuufanya ustahimilivu wa mtu mmoja kuwa sera ya chuo.

CODESRIA, baraza la utafiti wa sayansi za jamii la Afrika lililoanzishwa mwaka 1973 na lenye makao yake Dakar, lililiona pengo hilo mapema. Mwaka 1988 likaanza kutoa ruzuku ndogo za kuandikia tasnifu. Zilikuwa dola chache, za kutosha safari ya fildi, vitabu na uchapaji, lakini kwa mwanafunzi ambaye maktaba ya chuo chake ilikuwa imeacha kununua majarida zilikuwa uhai. Baadaye zikaja programu zenye fedha kubwa zaidi. Mwaka 2008 ACLS, kwa fedha za Carnegie Corporation, ilianzisha programu ya sanaa na lugha kwa Ghana, Nigeria, Afrika Kusini, Tanzania na Uganda, na moja ya sehemu zake ilikuwa ufadhili wa kumalizia tasnifu. Mwaka 2011 Baraza la Utafiti wa Sayansi za Jamii la New York likaanza programu yake ya kizazi kipya cha wanasayansi ya jamii Afrika, nayo ikiwa na daraja la pendekezo, la utafiti na la kumalizia, hili la mwisho likifika dola 15,000.

Programu hizi zilifanya mema makubwa, na wapo maprofesa leo ambao wangekuwa bado wahadhiri wasaidizi kama zisingekuwapo. Lakini zilikuwa na kasoro moja ambayo ni yetu, si yao. Fedha zililenga kumnunulia mtafiti muda. Mwajiri alitakiwa kumwachia nafasi, na barua ya kumwachia ilitiwa saini. Idara, hata hivyo, haikupata fedha za kumweka mwalimu mwingine, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawakupungua. Mkuu wa idara mwenye walimu watano na mahitaji ya walimu tisa hana ubaya moyoni anapompigia simu mtu aliye kwenye likizo ya masomo amsaidie "kozi moja tu". Hiyo kozi moja ndiyo sura ya sita ambayo haikuandikwa.

Serikali nazo zimetoa fedha za PhD, tena nyingi, ila uzito wake umeegemea kwingine. Mwaka 2016 Benki ya Dunia ilianza mradi wa vituo vya umahiri vya Afrika Mashariki na Kusini, vituo 24 katika nchi nane, kwa mkopo wa dola milioni 140. Vilihusu viwanda, kilimo, afya, elimu na takwimu. Mfuko wa PASET, unaoratibiwa na kituo cha utafiti cha icipe cha Nairobi, unasomesha PhD za sayansi tumizi, uhandisi na teknolojia. Mradi wa HEET wa Tanzania, wenye mkopo wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021, unasomesha walimu wa vyuo hadi PhD, na vipaumbele vyake vinafuata fani zinazotarajiwa kusukuma uchumi. Siwaonei wivu wahandisi. Tunawahitaji. Ila nchi inayokopa kuwasomesha wataalamu wa gesi na kuacha mtafiti wa migogoro ya ardhi Kilosa akijilipia mwenyewe itakuja kushangaa mabomba yanapofika kwenye vijiji ambavyo historia yake hakuna aliyeimaliza kuandika.

Wakati huo huo shinikizo la kuwa na PhD limeongezeka. Kenya, vigezo vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya mwaka 2014 vilitaka mhadhiri awe na PhD na vikatoa miaka mitano. Agizo lilikuja, fedha za kulitekeleza hazikulingana nalo. Juni 2019 Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kilipotunuku PhD 118 katika mahafali moja, nchi nzima iliuliza maswali na Tume ikaanza uchunguzi. Wengi waliohitimu huenda walistahili kabisa. Lakini kila aliyehitimu siku ile alitazamwa kwa jicho la shaka, na hayo ndiyo madhara ya kulazimisha idadi bila kulipia njia.

Upande wa wafadhili upepo umegeuka. Mwaka 2011 Marekani ilikata zaidi ya theluthi moja ya fedha za Sehemu ya Sita na ikafuta kwa mwaka huo ufadhili wa utafiti wa tasnifu wa Fulbright-Hays. Mwaka 2025 watumishi wa ofisi iliyosimamia programu hizo katika Wizara ya Elimu waliachishwa kazi, na mashindano ya Fulbright-Hays ya mwaka huo yakafutwa tena. Mellon na ACLS nao waliacha ufadhili wa kumalizia tasnifu na badala yake wakaanza ule wa kuwasaidia wanafunzi mapema zaidi, kabla tasnifu haijakomaa. Sababu zao ni nzuri, kwa sababu aliyekosea mwanzo hawezi kuokolewa mwisho. Kwetu, hata hivyo, maana yake ni kwamba dunia ya ufadhili inahama kutoka mwaka wa mwisho wakati sisi ndio kwanza tunauona ulivyo mzito.

Mifano ya kujifunza ipo barani. Kusini mwa Afrika, Chuo Kikuu cha Stellenbosch mwaka 2010 kiliungana na vyuo vya Dar es Salaam, Makerere, Nairobi, Malawi na Botswana katika mpango wa PANGeA. Walimu wa vyuo hivyo walikwenda Stellenbosch kusoma PhD za sanaa na sayansi za jamii kwa miaka mitatu, muda wote, bila darasa la kufundisha, kisha wakarudi makwao. Makerere ilifuata njia tofauti: mwaka 2012 taasisi ile ya Mamdani ilianza PhD ya miaka mitano yenye kozi, wanafunzi wakikaa Kampala na kusoma kwa pamoja. Mpango wa CARTA, unaoongozwa na kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, uko kwenye afya ya jamii, lakini muundo wake unafaa kuigwa na mwanahistoria. Mwanafunzi anapitia semina nne za pamoja zilizopangwa kwa hatua, kutoka pendekezo hadi kumalizia, kwa hiyo hakuna hatua anayoivuka peke yake.

Kinachonivutia zaidi Afrika Kusini, hata hivyo, ni sheria ya fedha. Katika mfumo wa ruzuku wa serikali yao, kila PhD inayokamilika inahesabiwa kama vipimo vitatu vya matokeo ya utafiti, na chuo kinalipwa kwa hesabu hiyo. Mwanafunzi anayekwama anakuwa hasara kwenye bajeti ya mkuu wa kitivo. Wapo wanaolalamika kwamba mtindo huu unahimiza haraka, na lalamiko hilo lina ukweli, ndiyo maana watahini wa nje wanatakiwa kuwa wakali. Kwetu chuo hakipati chochote mtu akimaliza na hakipotezi chochote akikwama.

Wapo watakaouliza kwa nini serikali yenye zahanati zisizo na dawa ilipie tasnifu ya ushairi au ya historia ya wavuvi. Jibu ni kwamba inailipia tayari. Imelipa ada ya mhadhiri msaidizi miaka mitatu, imemlipa mshahara, imempa ruhusa ya fildi. Asipomaliza, gharama yote hiyo inabaki kwenye flashi na madaftari, chuo kinakosa msimamizi wa kizazi kinachofuata, na somo linaendelea kufundishwa kwa vitabu vya watu waliokaa kwetu mwaka mmoja miaka ya 1970. Kilichobaki kulipiwa ni kidogo kuliko kilichokwisha kulipwa.

Ruzuku ninayoiona inafaa ingekwenda sehemu mbili. Nusu ingemfikia mwandishi kwa ajili ya unukuzi, safari ya nyaraka na uhariri. Nusu nyingine ingelipwa idarani moja kwa moja, kwa mwalimu wa muda wa kubeba kozi zake mihula miwili, na idara ionyeshe ratiba yenye jina la mwalimu huyo kabla fedha hazijatoka. Msimamizi naye angetia saini kwamba sura itarudi ndani ya wiki tatu, kwa sababu sura zinazokaa miezi minne mezani kwa msimamizi ni sehemu ya tatizo na tunaogopa kulisema. Fungu la mwisho lingetolewa siku ya kuwasilisha. Wanawake wenye watoto wachanga wangeruhusiwa kuchukua miezi zaidi bila kuomba upya, maana miaka ya kumalizia PhD ndiyo mara nyingi miaka ya kuzaa, na fomu nyingi zimeandikwa kama vile hilo halipo.

Kuhusu nani asimamie mfuko, Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lililoko Kampala lingeweza kubeba mzigo huo kwa michango ya nchi wanachama, likisaidiwa na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar. Naitaja Kamisheni kwa sababu maalumu. Katika TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na katika vyuo vingine kadhaa, PhD za Kiswahili zinaandikwa kwa Kiswahili. CODESRIA inafanya kazi zake kwa Kiingereza, Kifaransa, Kireno na Kiarabu. Lile baraza la New York limekuwa likisoma maombi kwa Kiingereza. Mwandishi wa tasnifu juu ya tenzi za Pemba, aliyeandika sura tano kwa Kiswahili fasaha, akitaka fedha za kumalizia lazima kwanza aieleze kazi yake upya kwa lugha nyingine, na ahukumiwe na jopo ambalo haliwezi kufungua ukurasa hata mmoja wa alichoandika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikubali mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi. Majopo yake ya ufadhili yanaweza kuanza kusoma sura hizo zilivyo kuanzia mzunguko wa kwanza wa maombi.